Kibuyu Chenye Alama za Vidole

Harufu ya maganda ya korosho yakiungua haina ndugu. Moshi wa kuni unakuna macho ukaenda zake, moshi wa makumbi ya nazi una upole wake, lakini moshi wa korosho ni mweusi na mzito, una mafuta ndani yake, na ukishaingia kooni hukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Watu wa kwetu, upande wa bara wa Kilwa, wanausamehe kwa sababu wanajua kinachokuja nyuma yake: korosho za moto zenye madoa ya kuungua, zinazoliwa mtu amechuchumaa huku anapuliza vidole. Mimi utotoni niliupenda na kuuogopa kwa pamoja. Pua ilitaka na kifua kilikataa, na katika ugomvi huo kifua ndicho kilichoshinda kila mara. Mpaka leo, na mvi zangu na miwani yangu, harufu ile ikinipitia mwezi wa kumi na moja nikiwa sokoni Kilwa Masoko, mkono wangu hujikuta kifuani kabla mimi mwenyewe sijatambua.

Msimu ninaoukumbuka zaidi ni ule wa kwanza baada ya kuhamia Mitondooni. Kabla ya hapo tuliishi kule tunakokuita sasa mahame, nyumba yetu ikiwa peke yake katikati ya mikorosho ya babu, na ukitaka kumwomba jirani kaa la moto, kaa lenyewe lilizimika njiani kabla hujafika nalo nyumbani. Ikaja amri kwamba watu waishi pamoja katika kijiji cha ujamaa, wapate shule, kisima na zahanati. Nyumba zikapangwa kwa mistari iliyonyooka, mlango ukitazamana na mgongo wa nyumba ya mwenzake. Wazee walinung'unika kwamba kuku wa watu watachanganyika, na siri za watu zitachanganyika zaidi. Sisi watoto tulifurahi mno, maana kombolela haichezwi na watoto wawili. Baba alikuwa kibarua katika mashamba ya mkonge karibu na Lindi na alikuja mara chache, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wanawake watupu: Mama, Bibi aliyemzaa Mama, na mimi, Somoe, niliyekuwa sijaanza darasa la kwanza. Katika mstari wa mbele yetu, upande unakotoka upepo, aliishi Bi Siwema.

Bi Siwema alikuwa mjane mwenye mwili mkubwa na sauti kubwa kuliko huo mwili, na hakuna aliyemshinda kubangua korosho. Zile zilizokataliwa kwenye mizani ya ushirika, ndogo na zenye kasoro, alizichoma kwenye karai kuukuu lililotobolewa matundu. Zikishika moto alizimwaga chini na kuzifukia mchanga, kisha akaketi na jiwe lake la mviringo kuzipasua moja moja, na mara chache sana punje ilivunjika. Mafuta ya maganda yalikuwa yameipa mikono yake weusi usiotoka kwa sabuni wala kwa limau. Kule mahame moshi wake ungepotelea mwituni. Mitondooni ulivuka uchochoro na kuingia mlangoni kwetu bila hodi.

Niliugua pumu tangu nikiwa mchanga. Anayetaka kujua inakuwaje, na ajaribu kunywa uji mzito kwa kijiti chembamba cha bua. Anavuta, anavuta, kinachofika ni kidogo, na kadiri anavyoogopa ndivyo kijiti kinavyozidi kuwa chembamba. Kifua changu kililia miluzi, mbavu zikawa zinaingia na kutoka, na Bibi akiisikia miluzi ile kutoka uani aliacha chochote alichokishika. Bibi alikuwa na dawa zake. Alinichua kwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na vitunguu saumu. Alinifunika shuka juu ya chungu cha majani yanayochemka, akanifukiza nyungu mpaka jasho likanitiririka. Maalimu wa chuoni alinisomea na kuniandikia kombe nikanywa. Siwacheki hata mmoja. Walinipenda kwa kila walichokuwa nacho, na mtoto aliyebanwa akipakatwa na mtu asiyebabaika hupata angalau ujasiri wa kuvuta pumzi inayofuata. Lakini ubani aliouchoma Bibi kufukuza mabaya ulinibana zaidi, na yeye alipoona nimebanwa zaidi aliongeza ubani.

Zahanati ilipofunguliwa alikuja Bwana Tadei, mganga kijana kutoka upande wa Masasi, Mkristo mpole aliyevaa soksi ndefu na kumwamkia kila mtu shikamoo, hata wale waliopaswa kumwamkia yeye. Alikuwa na vidonge vilivyonitetemesha mikono na sindano iliyonitoa kelele. Kisha siku moja alirudi kutoka hospitali kubwa na kitu kidogo, kikopo cha chuma kilichokaa ndani ya mrija wa plastiki uliopinda. Akasema hii ni pampu, dawa yake huvutwa kwa pumzi ikaenda moja kwa moja kwenye mapafu na kufungua njia. Haipakwi wala hainywewi. Mtu mzima hubonyeza huku anavuta. Tukajaribu. Alipobonyeza, mimi nilikuwa natoa pumzi. Nilipovuta, yeye alikwisha kubonyeza. Tulipojaribu tena dawa ikanipiga kwenye meno nikacheka, na Mama akanifinya kwa kuichezea dawa ya watu. Bwana Tadei hakukasirika. Alisema mtoto mdogo hawezi kupatanisha mkono na pumzi, kinahitajika chombo chenye tumbo, dawa iingie humo imngojee. Akaangaza macho chumba kizima. Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi na kibuyu chake kidogo cha maji mapajani. Bwana Tadei akakitazama kibuyu, Bibi naye akakitazama, halafu akanywa maji yaliyobaki na kumpa.

Bwana Tadei alikisugua ndani kwa mchanga na maji ya moto, akakianika siku kadhaa juani. Akakikata tako pakawa na mdomo mpana wa kunienea pua na kinywa, akaupiga msasa usinichubue, na shingoni akachonga mpaka pampu ikaingia bila kuvuja. Akatufundisha: tikisa. Bonyeza mara moja tu. Mwache mtoto apumue humo humo taratibu, pumzi tano au sita, bila kumharakisha. Kisha urudie. Mama alirudia maneno hayo mbele yake kama anayesikilizwa sura ya Kurani, na mimi nikayarudia kimoyomoyo kwa sababu yalihusu pumzi yangu. Mwishoni Bwana Tadei alisema, "Mama Somoe, dawa hii haiimalizi pumu. Inamfungulia mlango tu, apate kufika kwangu. Ukishampa, mlete."

Sasa fikiria macho ya kijiji. Mganga wa serikali, msomi, ametoa kibuyu. Kibuyu kina kitu kimechomekwa shingoni, na kitu hicho kikibonyezwa kinafoka kama nyoka aliyekanyagwa na ukungu mweupe unatokea upande wa pili. Kwetu kibuyu cha maji ni kibuyu, lakini kibuyu chenye kitu shingoni ni tunguri, chombo cha waganga wa kienyeji, kina mwenyewe na hakishikwi ovyo. Kabla jua halijachwa habari ilikwisha kufika mstari wa mwisho wa nyumba kwamba Somoe anafugiwa jini, tena jini lenyewe limeletwa na serikali. Wenzangu wa kombolela wakaanza kunipisha njiani. Bi Siwema, ambaye hakuogopa nyoka wala mwenyekiti wa kijiji, alitangaza kisimani kwamba yeye kile kitu hakigusi hata kwa kijiti.

Mama hakutaka maneno ya watu. Pia dawa ilikuwa adimu, Bwana Tadei mwenyewe hakujua pampu ya pili ingepatikana lini, na kwetu kitu adimu kina mahali pake. Mama alikuwa na sanduku la bati la arusi yake, lenye maua yaliyochorwa kwa rangi, na ndani yake mlikuwa na nguo za Iddi, chupa ya marashi na sanda ambayo Bibi alikwisha kujinunulia. Akakilaza kibuyu humo, akafunga kufuli, na ufunguo akaufundika kwenye pindo la kanga. "Akiba haiozi," alisema. Nilipobanwa kidogo hakukitoa. Aliniambia tuvumilie, hii bado si yenyewe. Ninamwelewa kabisa, maana ndivyo alivyolelewa: kizuri huwekwa, na kinachowekwa hufungwa.

Siku zile Mama na Bi Siwema walikuwa hawasemezani. Mama alikuwa amekwenda kumwomba ahamishe jiko lake la korosho, Bi Siwema akajibu kwamba kabla ya Mitondooni hakuna aliyempangia pa kuchomea, na kwamba pumu ya mtoto haikuzaliwa na moshi wake. Kila mmoja alikuwa na ukweli kidogo na kiburi kingi. Wakikutana kisimani mmoja aliangalia ndoo na mwingine aliangalia mbinguni, na mimi niliyetumwa baina yao kurudisha ungo au kuomba chumvi nilipita kama mtu anayevuka uwanja wakati mechi inaendelea.

Siku yenyewe ilikuwa ya shamba la ujamaa. Mvua zilikuwa zinanukia na wote wenye nguvu waliondoka asubuhi kumalizia kusafisha shamba la mtama la kijiji, ng'ambo ya bonde. Walibaki wazee na watoto, na Bi Siwema, ambaye mguu wake ulikuwa umevimba hawezi mwendo mrefu. Akaona asikae bure, akawasha moto chini ya karai. Hewa ilikuwa nzito na haina upepo, moshi haukupanda, ulijilaza chini ukatambaa mpaka kwetu. Nilikuwa nimekaa na Bibi tukichambua kunde za chakula cha jioni. Nilianza kwa kukohoa. Kisha miluzi ikaja, ikawa mikali kuliko nilivyowahi kuisikia, na Bibi akaacha ungo.

Alinipakata, akanichua, akanipepea kwa kipepeo cha jikoni. Jicho moja lilikwisha kuchukuliwa na mtoto wa jicho na la pili lilikuwa njiani, kwa hiyo Bibi alinisikiliza zaidi kuliko alivyonitazama. Miluzi ikapungua, na Bibi akasema alhamdulillahi, anapata nafuu. Haikuwa nafuu. Hewa ilikuwa haipiti tena hata ya kupigia miluzi. Nikataka kusema "kibuyu" nikaishia kwenye "ki". Nikaonyesha sanduku kwa kidole. Bibi akaelewa, akalikamata kufuli, akalivuta kwa mikono yake miwili myembamba, kufuli likakaa vilevile. Ufunguo ulikuwa ng'ambo ya bonde, kwenye pindo la kanga ya Mama, aliyekuwa ameinama na jembe akiamini ameniacha salama. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nimeifundisha methali hiyo miaka mingi darasani, na kila nilipoiandika ubaoni niliona kufuli lile.

Niliogopa. Nilikuwa mdogo sana kujua kifo ni nini, lakini nilijua kwamba kijiti changu kimeziba. Bibi akaenda mlangoni, akapiga ukelele, ule wa msiba ambao hauiti mtu kwa jina kwa sababu unamhusu kila anayeusikia. Aliyekuja ni Bi Siwema, anachechemea, jiwe la kubangulia bado mkononi.

"Kuna nini, mama yangu?"

"Mtoto ananifia, Siwema. Dawa imo sandukuni, ufunguo anao mama yake."

Bi Siwema hakuuliza la pili. Alipiga magoti mbele ya sanduku na kulipiga kufuli kwa lile jiwe kama anavyoipiga korosho iliyomkaidi, mapigo mafupi ya pembeni. Bati likabonyea, ua moja la rangi likabanduka, kufuli likaachia. Kifuniko kilipoinuka harufu ya marashi ilijaa chumbani, na juu ya nguo za Iddi kibuyu kilikuwa kimelala kimya. Hapo akasita. Kusita kwake ndiko ninakokukumbuka kuliko kitu kingine chochote cha siku ile. Mwanamke yule mkubwa alibaki na mikono hewani, midomo inanong'ona, jasho linamtoka. Kisha akanigeukia akanitazama. Baadaye alisema midomo yangu ilikuwa imekuwa rangi ya zambarau.

"Bismillahi," akasema. "Kama lina njaa, na linile mimi." Akakikamata kwa mikono miwili.

Lakini hakujua akifanyeje, na Bibi kwa hofu alikuwa amesahau yote. Aliyejua ni mimi, na sikuwa na sauti. Nikainua mkono nikautikisa. "Anatuaga," Bi Siwema akasema, na uso wake ukakunjamana kama wa mtoto. Nikakataa kwa kichwa, nikakionyesha kibuyu, nikautikisa mkono tena. Akaelewa. Akakitikisa kwa nguvu za mtu anayepepeta. Nikabonyeza hewa kwa kidole. Akanifunika pua na kinywa, akabonyeza, ile sauti ya nyoka ikatoka, na yeye akafumba macho lakini mikono haikuondoka. Ndani ya kibuyu mlikuwa na giza na ladha chungu. Nikavuta kidogo kilichowezekana, nikatoa, nikavuta. Bi Siwema alinihesabia pumzi kwa sauti kubwa kama anayepima debe mbele ya mnunuzi asiyeaminika. Akatikisa, akabonyeza tena, akahesabu tena. Katikati ya kuhesabu huko miluzi ikarudi, na Bibi akaanza kulia akidhani nimezidiwa. Mimi nilijua ni njia inafunguka. Sijawahi kusikia muziki niliofurahia kuupokea kama ule.

Alinibeba mgongoni mpaka zahanati, na mguu wake ule, Bibi akifuata nyuma na kibuyu kifuani. Tulipopita mbele ya jiko lake, karai lilikuwa linawaka moto mtupu. Nikapata pumzi ya kutosha maneno machache. "Bi Siwema, korosho zinaungua." Alicheka mpaka nikatikisika mgongoni. "Ziungue," akasema. "Ziungue zote." Bwana Tadei alinipa sindano na kunilaza, akakaa nami mpaka alasiri, akisikiliza kifua changu kila mara.

Habari zilipomfikia shambani, Mama alifika anakimbia, udongo mpaka magotini. Alinishika, akanisikiliza, akanishika tena. Kisha akamwona Bi Siwema amekaa kwenye benchi, mguu umenyooshwa, jiwe lake liko pembeni. Hawakuwa wamesalimiana tangu ule ugomvi wa moshi. Mama akafundua pindo la kanga, akautoa ufunguo na kumwekea kiganjani. "Sina kazi nao tena, dada," alisema. Bi Siwema akaugeuza geuza. "Na mimi ufunguo usio na kufuli niupeleke wapi?" Wakaangua kicheko, kisha kicheko kikageuka kilio, na Bwana Tadei akajifanya ana kazi chumba cha pili.

Tangu siku ile kibuyu hakikurudi sandukuni. Mama alipigilia msumari kwenye mwimo wa mlango, kwa ndani, mbali na jua na moshi lakini pale mkono wa mtu yeyote unapofika, akakitundika hapo ndani ya kikapu kidogo. Bwana Tadei alikileta mbele ya mkutano wa kijiji, akabonyeza mchana kweupe, kila mtu akaona ukungu unavyoingia na kutoka. Lakini aliyewashawishi watu hakuwa yeye. Bi Siwema ndiye aliyesimama akasema, "Nimekishika, ninakula, ninalala, wala sijaota kitu. Njooni mfundishwe." Akawafundisha: tikisa, bonyeza mara moja, hesabu pumzi, mpeleke zahanati. Jiko la korosho alilihamishia ukingo wa kijiji, upande upepo unakoelekea, na wanawake wengine wakamfuata huko kwa sababu mazungumzo yalikuwa huko. Na kwenye kibuyu vidole vyake vilibaki, vinne upande huu na gumba upande ule, vyeusi. Mama alivisugua kwa majivu, akaviacha.

Yamesemwa mengi juu ya miaka ile, mazuri na ya uchungu, na mimi sina haja ya kuyaamua. Shamba lile la mtama, nguruwe pori walilifaidi kuliko sisi. Bibi alikufa bado anaililia mikorosho ya mahame. Kuhamia pamoja ndiko kulikouleta moshi mlangoni kwetu, na huko huko ndiko kulikomleta Bi Siwema umbali wa ukelele mmoja. Kule mahame Bibi angepiga ukelele wakasikia ndege. Kuna vipindi pampu iliisha tukakaa miezi bila nyingine, tukarudi kwenye sindano na kuomba Mungu, lakini nilikua nikijua kwamba nyumba zote za mistari yetu zinajua lilipo lango la pumzi yangu. Hicho ndicho kitu cha ujamaa nilichokigusa kwa mkono.

Sasa ninakaa Masoko, mwalimu mstaafu, na pumu imemruka binti yangu ikamwangukia mjukuu wangu Zuhura, wa miaka minne. Dawa si hadithi tena. Zuhura ana pampu yake ya buluu na chombo cha plastiki chenye barakoa laini ya kumkaa usoni, kazi ile ile ya kibuyu, ila hiki kina picha ya samaki. Ana pia dawa nyingine ya kuvuta kila siku ili asibanwe, jambo ambalo Bwana Tadei angelipenda sana. Mama yake alipomleta akae kwangu, vitu hivyo vilikuwa kwenye mkoba wenye zipu, na mkoba aliuweka juu ya kabati ili watoto wasivichezee. Sikumgombeza. Nilisubiri aondoke, nikatafuta nyundo.

Kibuyu cha Bibi nilihama nacho, kiko mwimoni mwa mlango wangu siku zote, kimepasuka kidogo, hakina kazi, na alama za vidole zipo. Chombo cha Zuhura na pampu yake nimevitundika kando yake, kwenye msumari mpya. Kisha nikatoka nje kumwita Hemedi, jirani yangu, kijana wa bodaboda ambaye kuku wake wamemaliza mchicha wangu na mimi nikamwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Alikuja amenuna. Nikamwonyesha: tikisa, bonyeza mara moja, hesabu pumzi, mpakize umpeleke hospitali. Akarudia yote bila kukosea, kisha akanitazama.

"Mwalimu, si juzi tu umesema hutaki kuniona hapa kwako?"

"Sitaki kukuona kwenye mchicha," nikamwambia. "Lakini msumari huu uujue."